Ukinzani wa Mpunga Haununuliwi Mara Moja

Mwaka 2023 kundi la watafiti wa kimataifa lilitangaza kwamba limehariri jeni za Komboka, aina ya mpunga iliyoidhinishwa Tanzania mwaka 2013 na ambayo sasa inalimwa pia Kenya, na kwamba mimea iliyohaririwa ilikinzana na ugonjwa wa bakteria unaokausha majani ya mpunga. Jina la mbegu hiyo limebeba ahadi, maana anayekomboka ametoka kifungoni, na habari yenyewe ilipokewa kwa namna mbili ambazo msomaji wa mambo ya kilimo amekwisha kuzizoea. Wapo walioona kwamba tatizo limekwisha, bado tu mbegu kumfikia mkulima. Wapo waliouliza kwanza kama huu ni mpunga wa GMO, yaani uliobadilishwa vinasaba, na walipojibiwa kwamba mbinu ni tofauti, wakauliza tofauti hiyo ina maana gani kwa mlaji. Tangu hapo mazungumzo yamekaa palepale, kwenye kifaa kilichotumika maabara, kama watu wanaobishana kuhusu ncha ya jembe ilhali shamba halijapimwa.

Naona pande zote mbili zimekosea jambo moja. Zote zinauchukua ukinzani kuwa bidhaa: unaupata au unaukataa, na ukishaupata umeupata. Historia ya mpunga inasema vingine. Ukinzani dhidi ya magonjwa na wadudu huzeeka, kwa sababu vimelea navyo vinabadilika, na ustahimilivu dhidi ya mafuriko, ukame na chumvi una mipaka ambayo mara nyingi haitajwi kwenye gunia. Nchi inayotaka mpunga unaohimili misukosuko haina budi kuwa na kazi ya kudumu ya kuzalisha aina mpya, yenye watafiti wake, mashamba yake ya majaribio na njia zake za kuzisambaza mbegu. Bila kazi hiyo, hata mbegu bora kuliko zote ni mgeni wa misimu michache.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Bakteria huyu, ambaye wataalamu humwita Xanthomonas oryzae, amekuwapo Afrika kwa muda mrefu, lakini wa Afrika na wa Asia walikuwa koo mbili zisizochanganyikana, licha ya mchele kusafiri kila siku kati ya mabara. Hali hiyo ilivunjika mkoani Morogoro, ambako kuanzia mwaka 2019 mpunga ulionekana kukauka majani kwa namna isiyo ya kawaida. Vimelea vilipochunguzwa vilionekana kuwa na undugu wa karibu na vile vya kusini mwa China kuliko na ndugu zao wa Afrika. Ukoo huu mgeni ulikuja na silaha ambazo mpunga wa bara hili haukuwahi kukutana nazo, na watafiti walipozipima aina zinazolimwa Afrika hawakuona hata moja yenye kinga ya kutosha dhidi yake.

Namna bakteria huyu anavyofanya kazi ndiyo inayoeleza kwa nini ninasita kushangilia kabla ya wakati. Akiingia kwenye jani, hupeleka ndani ya chembe za mmea protini zinazofanya kazi kama funguo. Funguo hizo huingia kwenye vitasa vilivyo mwanzoni mwa jeni za mpunga zinazosafirisha sukari, zikazifungua, na sukari ikamwagika nje mahali anapoishi bakteria. Mmea unamlisha adui yake kwa mkono wake mwenyewe. Bakteria wa Afrika walijulikana kulenga jeni moja tu kati ya hizo. Hawa wapya wana ufunguo wa nyingine, na tena wana hila ya kuizima kinga moja ya mpunga ambayo ndugu zao wa Afrika hawaiwezi. Walichofanya watafiti ni kubadilisha vitasa vya jeni tatu kwa mpigo, kila palipojulikana kuingia ufunguo, bila kuharibu jeni zenyewe. Ni kazi ya akili na ya subira, na ninaamini ni mojawapo ya matumizi mazuri ya uhariri wa jeni yaliyowahi kufanywa kwa zao la Afrika. Lakini tazama neno moja lililo muhimu kuliko yote katika maelezo hayo: palipojulikana. Vitasa vilivyobadilishwa ni vile ambavyo funguo zake zimeshaonekana. Bakteria anayezaliana kwa mabilioni katika maji ya majaruba hana haraka, na hakuna aliyemzuia kuchonga ufunguo mwingine.

Anayedhani kwamba nakuza hofu na aangalie ugonjwa ambao hatukuuagiza kutoka popote. Virusi vinavyoupa mpunga madoa ya njano na kuudumaza, ambavyo wakulima wengi wa Tanzania wanauita ugonjwa wake kimyanga, viliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966 karibu na Kisumu. Havijatoka nje ya Afrika na Madagaska. Watafiti walipolinganisha vinasaba vya virusi vilivyokusanywa kutoka nchi nyingi, asili yake iliwaelekeza mashariki mwa Tanzania, kwenye maeneo ya milima na mabonde ya Morogoro, katikati ya karne ya 19. Wakati huo ndio misafara ya pwani ilikuwa ikiupeleka mpunga bara, kupitia Tabora na Ujiji hadi Manyema, mashariki mwa Kongo, kwa kuwa wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu walipenda wali wao huko huko walikofikia. Virusi vilivyoishi kwenye nyasi za mwituni vikapata chakula kipya, kisha njia ya kusafiria. Hapa hatuna mgeni wa kumlaumu. Kimyanga ni mtoto wa nyumbani.

Dhidi ya kimyanga tulikuwa na bahati ya kupata wakinzani wa kweli. Mmoja ni Gigante, mpunga wa Msumbiji, na wengine ni baadhi ya aina za mpunga wa Kiafrika, ule ambao wakulima wa bonde la Niger waliufuga zaidi ya miaka 2,000 iliyopita na ambao si jamii moja na mpunga wa Asia tunaoula. Katika aina hizo, protini ya mmea ambayo virusi huishika ili vizaliane imebadilika kidogo, kiasi kwamba mkono wa virusi unateleza. Ni kinga ya nguvu, na kwa miaka mingi imekuwa tumaini la wazalishaji wa mbegu barani. Hata hivyo majaribio yalipofanywa ilionekana kwamba virusi vinaweza kubadilisha sehemu moja ndogo tu ya protini yao na kushika tena. Si kila aina ya virusi inaweza, na si kila mahali, lakini njia ipo. Kwa hiyo mtafiti makini hategemei jeni moja ya ukinzani. Huziunganisha mbili au tatu katika mmea mmoja, ili kirusi kilazimike kufaulu mitihani kadhaa kwa wakati mmoja, na wakati huohuo hufuatilia ni virusi vya namna gani vinavyozunguka katika bonde gani. Kazi hiyo ya pili haina sherehe ya uzinduzi, na labda ndiyo sababu hupata fedha kidogo.

Asia ililipa ada ya somo hili mapema. Mwaka 1973 Ufilipino ilipokea IR26, mbegu iliyokinzana na mdudu wa kahawia anayefyonza mashina ya mpunga hadi shamba likaonekana kama limeunguzwa. Kabla miaka 4 haijapita, mdudu alikuwa amepata kizazi kinachoila mbegu ileile bila shida, Ufilipino na Indonesia pia. Mwaka 1976 ikaja IR36 yenye jeni nyingine ya ukinzani, na hii ilienea hadi ikakaribia hekta milioni 11 katika miaka ya 1980, eneo ambalo inasemekana hakuna aina ya mpunga iliyowahi kulifikia kabla yake. Ndani ya IR36 kulikuwa pia na ukinzani dhidi ya ugonjwa wa virusi unaodumaza mpunga, uliotoka kwenye mpunga mwitu wa India. Taasisi ya utafiti wa mpunga ya kimataifa huko Los Baños, Ufilipino, ilipima sampuli zaidi ya 6,000 kabla ya kuupata, na iliyofaa ilikuwa moja. Sampuli moja! Kama isingekusanywa na kuhifadhiwa na mtu ambaye wakati huo hakujua ingetumika kwa nini, Gurdev Khush, mzalishaji wa mbegu wa taasisi hiyo, na wenzake wasingekuwa na cha kuchavushia. Ninairudia hesabu hiyo kila ninaposikia mtu akisema kwamba benki za mbegu ni makumbusho.

Mpaka hapa nimezungumzia ukinzani, yaani mmea kumzuia adui aliye hai. Ustahimilivu wa mazingira ni jambo jingine, kwa kuwa maji ya mafuriko hayabadiliki tabia ili kuushinda mpunga. Jeni ya kustahimili kuzamishwa haizeeki kwa namna ile ile. Tatizo lake ni kwamba huahidi kidogo kuliko watu wanavyosikia. Mfano ulio bora kuliko yote ni ule wa jeni iliyopewa jina la Sub1, iliyotoka kwenye mpunga wa kienyeji wa Odisha, India. Mpunga wa kawaida ukizamishwa hujaribu kurefuka ili ufikie hewa, ukamaliza akiba yake ya chakula na kufa. Wenye Sub1 hutulia, ukapunguza matumizi, na maji yakishuka unaendelea. Swarna, aina iliyopendwa mno mashariki mwa India, ilipewa jeni hiyo kwa kuichavusha kwa kurudia-rudia na kuchagua miche kwa alama za vinasaba, na ikaidhinishwa mwaka 2009. Vipimo katika mashamba ya wakulima vya Odisha vilionyesha mavuno yaliyozidi kwa asilimia 45 pale shamba lilipozama kwa siku 10. Zaidi ya hapo, wakulima waliopata mbegu hiyo walianza kutia mbolea zaidi na kulima eneo kubwa zaidi, kwa kuwa hofu ya kupoteza kila kitu ilipungua. Hilo ndilo linalonivutia kuliko mavuno yenyewe.

Sasa ihamishie Swarna-Sub1 Rufiji. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti hayakuwa ya siku 10. Jeni ya Sub1 hufanya kazi mpunga ukiwa bado mchanga, kwa maji yanayofika ghafla na kuondoka ndani ya wiki mbili hivi. Maji yakikaa mwezi, au yakija wakati mpunga unatoa masuke, jeni hiyo haisaidii kitu. Anayesimama jukwaani na kusema "tutawaletea mbegu inayohimili mafuriko" bila kueleza mafuriko ya namna gani anamtayarishia mkulima hasara na kumtayarishia mtafiti lawama.

Sub1 ina funzo jingine, nalo linahusu mdomo. Miaka ya 1990, kabla ya Swarna-Sub1, watafiti hao hao walikuwa tayari wamezalisha mpunga wenye mavuno mazuri uliohimili kuzamishwa. Wakulima hawakuutaka, kwa kuwa haukuwa na sifa walizozipenda katika aina zao. Ilibidi waanze upya kutoka upande wa pili: badala ya kumletea mkulima mbegu ngeni yenye kinga, waichukue ile anayoipenda na kuitia kinga ndani yake, huku kila kizazi cha kurudia uchavushaji kikirudisha nusu ya kilichobaki cha mama wa asili, mpaka mkulima asione tofauti isipokuwa siku ya mafuriko.

Kwetu funzo hilo lina uzito kuliko kwingine, maana Mswahili hali mchele wowote. Ukisimama kwa muuza mchele sokoni utamwona mteja akichota kiganjani, akinusa, akitazama kama punje ni ndefu na kama kuna chenga nyingi, kisha akauliza kama ni wa Kyela au wa Mbeya. Sijawahi kumsikia akiuliza kama unakinzana na kimyanga. Majina ya aina za kienyeji yenyewe yanasema yalichaguliwa na nani na kwa kigezo gani: Shingo ya Mwali, Mbawambili, Kahogo, Tule na Bwana. Supa, ambayo asili yake ni Surinam, imewekwa juu ya zote kwa harufu na kwa wali wake, ingawa ni ndefu, huanguka kwa upepo, hukaa shambani muda mrefu na haina ulinzi dhidi ya kimyanga. Kenya hali ni hiyo hiyo kwa pishori ya Mwea, ambayo ni Basmati 370: mlaji anailipia bei ya juu, na ugonjwa wa blasti unaoozesha shingo za masuke unaipenda vilevile. SARO 5, iliyotoka Tanzania mwaka 2002, ilifaulu kuenea kwa sababu walioizalisha walikataa kuchagua kati ya gunia na pua. Ni fupi, huzaa sana, na harufu yake, japo si ya Supa, inakubalika mezani. Ndiyo maana hata leo, karibu robo karne baadaye, mkulima wa skimu ya umwagiliaji anaitaja kwa jina.

Kwa upande wa pingamizi, lililo dhaifu kuliko yote ni lile la kusema kwamba dawa za kunyunyizia zinatosha, basi kwa nini kuhangaika na mbegu. Virusi havina dawa ya kunyunyizia. Unachoweza kunyunyizia ni mbawakawa wanaovibeba, nao kimyanga kinawazidi, kwa kuwa hubebwa pia na mikono ya wapandikizaji, jembe, panya na ng'ombe anayepita kwenye jaruba. Bakteria wa majani naye hana dawa ya kuaminika kwa mkulima wa kawaida. Kwa wadudu, Indonesia ilijaribu kwa bidii na kwa ruzuku ya serikali, ikagundua kwamba dawa ziliwaua buibui na wadudu wengine wanaomla mdudu wa kahawia, naye akabaki peke yake akistarehe. Mwaka 1986 rais wa nchi hiyo alipiga marufuku dawa 57 zisitumike kwenye mpunga. Duka la pembejeo la kijijini kwetu bado halijasikia habari hiyo.

Pingamizi la pili lina ukweli ndani yake, ila limevutwa kupita kiasi. Linasema mbegu za asili zina nguvu na mababu hawakuhitaji maabara. Ni kweli kwamba karibu kila jeni niliyoitaja ilitoka kwenye shamba la mkulima asiyejulikana jina: Odisha, Msumbiji, bonde la Niger, na Kerala, kusini mwa India, ambako mpunga uitwao Pokkali umevumilia maji ya chumvi kwa vizazi vingi. Mababu walikuwa wazalishaji wa mbegu, na walio hodari. Lakini nguvu hiyo iko mahali ilikozaliwa, haikugawiwa sawasawa. Mbegu ya asili ya Kilombero haina sababu ya kumjua bakteria aliyetoka kusini mwa China, kama vile mwenyeji wa kijiji hawezi kutegemewa kumtambua mwizi aliyeshuka jana kwenye basi. Anayezipenda mbegu za asili kwa dhati angedai zikusanywe, zipimwe na zitumike kuchavushia, badala ya kuzisifia zikiwa ghalani.

Swali la GMO nalipa uzito zaidi kuliko wanasayansi wengi wanavyolipa. Tanzania ilisimamisha majaribio ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba mwishoni mwa 2018, na Januari 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Adolf Mkenda, akasisitiza msimamo huo. Kenya ilichukua njia tofauti, na mwaka 2022 ilitoa mwongozo wa namna ya kushughulikia mazao yaliyohaririwa jeni. Kwa hiyo Komboka hiyohiyo inaweza kuwa halali upande mmoja wa mpaka na mashakani upande mwingine, huku magunia yakivuka Namanga na Holili kila siku. Wenye shaka wanaogopa zaidi umiliki kuliko vinasaba, na hapo wana haki ya kujibiwa. Jibu lake kwa mpunga ni tofauti na la mahindi chotara. Ua la mpunga hujichavusha lenyewe, na mbegu ya msimu huu ikitunzwa vizuri itazaa mwakani mpunga uleule wenye kinga ileile. Mkulima halazimiki kurudi dukani. Kinachoweza kumfunga ni sheria na mikataba, ikiwemo haki za wagunduzi wa mbegu ambazo Tanzania ilizitungia sheria mwaka 2012, pamoja na hataza za mbinu zenyewe. Mambo hayo yanasomwa na kujadiliwa kwa vifungu. Kupiga marufuku chombo ili kuepuka mkataba mbaya ni kuuchoma mkeka kwa sababu ya kunguni.

Pingamizi lenye nguvu ni la wale wasemao kwamba fedha ingefaa zaidi kwenye mifereji, mabwawa na barabara. Mkulima mwenye maji ya uhakika ana nafuu mwaka wa ukame hata akiwa na mbegu ya kawaida, na mwenye mfereji wa kutoa maji haihitaji Sub1 mara nyingi hivyo. Sina ubishi na hilo, na ninakubali kwamba kuna mahali mbegu ni kisingizio cha kutojenga. Kwelekwelea nao hawana jeni ya kuwazuia, wala konokono walioingia Mwea miaka ya karibuni. Lakini skimu nzuri ndiyo hasa mahali ambapo magonjwa hushamiri: mpunga mfululizo misimu miwili kwa mwaka, aina moja kutoka ukuta hadi ukuta, maji yaleyale yakitiririka kutoka jaruba la juu hadi la chini na kubeba bakteria. Kadiri tunavyojenga umwagiliaji, ndivyo tunavyouhitaji zaidi ukinzani. Mfereji na mbegu havigombanii nafasi moja.

Kujichavusha kwa mpunga, ambako ni baraka kwa mkulima, ni laana kwa biashara. Kampuni binafsi haina hamu ya kutumia miaka kuzalisha mbegu ambayo mteja atainunua mara moja kisha akaigawia nusu ya kijiji. Uchavushaji wa kawaida wa mpunga huanza kwa mtu kukata vichwa vya maua madogo, kuondoa vifuko sita vya chavua katika kila kimoja kwa kibano, kufunika kwa mfuko wa karatasi, kisha kuleta chavua ya baba. Kuanzia hapo hupita vizazi sita au saba mpaka mimea itulie ifanane, halafu majaribio katika maeneo mbalimbali, kisha uthibitisho. Miaka 10 si mingi. Kwa mahindi yupo wa kulipia muda huo. Kwa mpunga analipa umma au halipi mtu, na kwa muda mrefu sehemu kubwa ya malipo imetoka kwenye miradi ya wafadhili yenye umri wa miaka mitatu hadi mitano. Mradi ukifungwa, miche ya kizazi cha nne inabaki kwenye bahasha.

Na hata mbegu ikikamilika, kuna njia ndefu kutoka kituo cha utafiti hadi kitaluni. TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Tanzania, hutoa mbegu za awali, Wakala wa Mbegu za Kilimo na wazalishaji wengine huzizidisha, TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, hukagua, na kuna daraja la mbegu za kuazimiwa ubora ambalo humruhusu mkulima aliyefundishwa kuzalisha kwa ajili ya majirani zake. Daraja hili la mwisho naliona ndilo linaloufaa mpunga kuliko yote, na ndilo linalosemwa kidogo. Mbegu ikizungushwa kijijini kwa miaka bila kuhuishwa, huchanganyika na nyingine kwenye uwanja wa kupuria na kwenye magunia, mpaka kinachoitwa SARO 5 kinakuwa mseto wa aina tatu. Hapo mkulima husema mbegu imechoka. Mara nyingi haikuchoka, imechanganyika. Na ukinzani uliochanganyika na mimea isiyo na kinga humlisha mdudu na kumfundisha kwa wakati mmoja.

Kutokana na haya yote, uamuzi kuhusu Komboka iliyohaririwa, uwe wa kuruhusu au kukataa, ni sehemu ndogo ya kazi. Ikiruhusiwa, lazima kuwe na mtu anayezunguka mabonde ya Morogoro, Mbeya na Mwea kila msimu akikusanya majani yenye ugonjwa na kuangalia kama funguo za bakteria zimebadilika, na matokeo yake yawafikie wenzake wa Burundi, Rwanda na Uganda, kwa kuwa ugonjwa hausubiri itifaki ya Jumuiya. Jeni zilezile zinapaswa kuanza sasa kuingizwa kwenye SARO 5 na Supa, kwa sababu mlaji hatabadilisha pua yake kumfurahisha mtaalamu wa bakteria. Ikikataliwa, basi lazima kuwe na uchavushaji wa kawaida unaoendelea kutafuta kinga hiyohiyo kwa njia nyingine. Njia hiyo ipo: jeni iitwayo Xa21, iliyotumika sana Asia dhidi ya bakteria huyu, ilitoka kwenye mpunga mwitu wa Mali, na jamii ya mpunga mwitu huo huota hapa kwetu kama gugu ambalo wakulima huling'oa na kulitupa tutani.

Mtafiti anayekaa leo na kibano chake kukata maua ya kwanza ya uchavushaji huo atamfikia mkulima katikati ya miaka ya 2030. Bakteria wa Morogoro wamekwisha kuwa mashambani tangu 2019.